Kazi Nyepesi ya Mzee Lubinza

Jumanne, 5 Machi 1974

Kazi nyepesi! Bado namsikia mwenyekiti wa kijiji akicheka.

Wiki iliyopita nilimwomba ampunguzie Mzee Lubinza kazi ya shamba la ujamaa, maana mapafu yake yamechakaa. Mzee mwenyewe nilimwachisha kiko. Alinikabidhi kwa shingo upande, nikakifungia kabatini hapa zahanati.

Leo amerudi anakohoa kuliko mwanzo, nguo zinanuka moshi. Nikasahau hata shikamoo. "Mzee, umevuta tena!"

"Sijavuta, mwanangu. Nimepangiwa kuchochea moto wa bani la kukaushia tumbaku. Nalala hapo hapo."

Nikamwendea mwenyekiti. "Bwana Mganga, si wewe uliyetaka kazi nyepesi? Pale anakaa tu, anaota moto."

Nikamwambia moshi ule utamuua.

"Na majani yakioza? Hiyo zahanati yako tuliijenga kwa tumbaku au kwa kikohozi?"

Nikarudi zahanati.

Jioni Mzee alipita akielekea banini, akaomba kiko chake. "Kama moshi ni lazima, mwanangu, nipe na ule ninaoupenda."

Nikafungua kabati, nikampa.