Vidole Vyauma, Moyo Nao Una Neno

Kosa la wengi wetu ni kuudhani mwili nyumba ya kupanga: kidole na chumba chake, moyo na chumba chake, na mlango ukishafungwa hakuna ajuaye ya jirani. Msomaji wetu wa leo amefunga mlango na komeo ametia. Msikilizeni.

*Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakujia na mikono miwili yenye malalamiko kumi, maana ni vidole vyote, mimi ni msusi, huu mwaka wa ishirini na sita, na vidole vimeota vinundu karibu na kucha, asubuhi havikunjiki mpaka nivitie kwenye maji ya moto, daktari alisema viungo vimelika, akanipa vidonge vya maumivu vya wiki moja, vikaisha, nikajinunulia vingine, na sasa ni mwezi wa saba nameza viwili asubuhi viwili jioni. Na kwa kuwa vidole vikiuma sina hamu ya kitu, nimeacha kutembea kwenda saluni, napanda pikipiki mpaka mlangoni, na ngazi za ghorofa ya pili zimekuwa ndefu, nikifika katikati nasimama, natoa simu najifanya naongea, halo, halo, mpaka pumzi irudi. Mdogo wangu ninayesuka naye hunitania, "Dada, huyo wa ngazini ni nani, tumepata shemeji?" Juzi kwenye duka la dawa binti muuzaji akanipima presha, akasoma mia na sabini juu ya mia, akasema, "Mama, nenda hospitali leo." Nikamwambia, "Binti, vidole viko huku chini, wewe unanifunga mkono huko juu?" Nikachukua vidonge vyangu nikaondoka. Sasa mwanangu wa pekee anaolewa mwezi ujao, na tangu akiwa mdogo nimemwahidi kwamba siku hiyo kichwa chake hakitaguswa na mtu ila mimi, ni misuko myembamba ya saa saba, naogopa vidole vitaniaibisha. Je, siku hiyo nimeze vinne vinne?*

*Msusi wa ghorofa ya pili*

Marahaba, mwanangu. Hongera ya harusi, na hongera zaidi ya utaalamu: binti wa duka la dawa ana kipimo, wewe una majibu.

Mteja akija kwako nywele zimemkatika pembeni, je, unatazama pembeni tu? Thubutu! Unamuuliza anapaka nini, analala na kitambaa gani, nani alimsuka mara ya mwisho akamvuta namna hiyo. Kwa nywele za watu wewe ni mpelelezi. Kwa moyo wako ni mpita njia.

Nikueleze taratibu, maana kueleza ndiyo starehe iliyonibakia. Watafiti wamefuatilia kwa miaka watu waliolika viungo vya mikono, na baadhi yao wakaona kwamba wale ambao mikono inawauma hasa hupatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao. Hawasemi kinundu hupanda mshipa hadi kifuani. Sababu yenyewe bado wanabishania. Lakini yapo yasiyobishaniwa: maumivu humkalisha mtu, na kukaa ni adui wa mishipa, tena vidonge vingi vya maumivu, vikimezwa miezi na miezi, hupandisha presha na kuulemea moyo na figo. Wewe umekaa, umemeza, na presha umeonyeshwa kwa tarakimu. Umekosa nini tena, barua ya mwaliko?

Na huyo wa ngazini, mwambie mdogo wako si shemeji. Ni moyo wako, unapiga kila siku, nawe unaitikia halo, halo, kisha unakata.

Vinne vinne? Naam, kama unataka bibi harusi asukwe na mama mdogo huku mama yake amelazwa wodini. Pole, nimekuwa mkali. Najua kuogopa kuonekana umeshindwa na kazi iliyokulea. Lakini ulichomwahidi mtoto ni mama yake, si saa saba za mfululizo. Msukeni kwa siku mbili, mdogo wako ashike kisogoni, wewe ushike mbele, na kila baada ya nusu saa uvipumzishe vidole. Hakuna bibi harusi anayekagua kisogo chake. Atatazama kama mama yupo.

Dawa daktari atakupangia upya: kipi uache, kipi ubaki nacho, na zipo hata za kupaka. Akikuruhusu kutembea, pikipiki iage. Wala usimfiche habari za ngazini, maana simu hiyo haikuwahi kumdanganya mtu ila wewe mwenyewe.

Leo, kabla hujashika kichwa cha kwanza, chukua boksi la vidonge, nenda hospitali ukapimwe presha.