Kati ya Alfajiri na Adhuhuri

Mansura, 3 Machi 1989

Mwanangu Ibtihal,

Salamu nyingi zikufikie huko Kuwait, wewe, mumeo na wajukuu wangu. Mimi naumwa, sitakuficha. Kichocho nilichokiokota kwenye mpunga utotoni kimezaa saratani, na kibofu chote kitatolewa. Daktari ameniambia nichague: mfuko wa plastiki uning'inie tumboni maisha yangu yote, au anishonee kibofu kipya kwa utumbo wangu mwenyewe, mdomo wake aufiche kitovuni. Nitaingiza mrija, nikojoe, nichomoe, wala sitavuja. Ila upasuaji huo ni mrefu na una hatari zaidi.

Miaka miwili sasa naswali nyuma kabisa msikitini, karibu na viatu, kwa kuwa navuja mkojo na nanuka. Nimechoka, binti yangu.

Baba yako, Shehata

Kuwait, 19 Machi

Baba yangu,

Naubusu mkono wako. Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipaa. Chagua mfuko! Namtaka baba aliye hai, hata akinuka. Najua utanicheka, mkaidi wewe.

Mwanao, Ibtihal

Kijijini, 30 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Barua yako ilinikuta nimeshapasuliwa, na kibofu kipya ninacho. Usinune.

Nilipolazwa kwa dawa ya usingizi niliona mpunga usio na mwisho, maji ya uvuguvugu yamenifika magotini, nami natembea bila kulowa. Nilipozinduka nikajipapasa, nguo kavu, nikadhani bado naota.

Hapa anayejua ni mama yako tu. Daktari alisema nikojoe kila baada ya saa nne, lakini mimi na saa wapi na wapi? Nafuata adhana. Ikiadhiniwa, nachukua mrija, natawadha, naswali. Asubuhi shambani tumbo hunikaza kidogo, nafumba macho, naona maji tu, kisha hupita.

Baba yako, Shehata

Kuwait, 14 Juni

Baba,

Naomba barua hii ikukute mzima. Kiangazi hiki, alfajiri hadi adhuhuri ni muda wa saa tisa! Kibofu hicho ni utumbo, hakijui kukubana ukakimbia. Jirani yangu muuguzi anasema kinaweza kupasuka. Waambie majirani wakukumbushe. Aibu nitaizoea, kaburi lako sitalizoea.

Mwanao, Ibtihal

Kuwait, 11 Julai

Baba, hujambo? Mbona kimya? Niandikie hata neno moja.

Ibtihal

Kijijini, 20 Agosti

Mwanangu,

Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Barua zako zilifika nikiwa hospitali tena. Nilianguka mtaroni asubuhi, tumbo gumu. Kibofu kilikuwa kimepasuka. Wakanifungua upya, wakashona. Majirani walionibeba waliuliza, "Ana nini huyu?" Mama yako akawaeleza yote, kwa sauti, njia nzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Leo saa nne asubuhi nilikuwa nasinzia mlangoni. Jirani yetu Umm Raafat akapaza sauti kutoka tanurini, mbele ya wanawake wote waliokuja kuoka mikate: "Ami Shehata! Saa yako hiyo! Nenda kakojoe, hatukubebi tena, mzito wewe!"

Wakacheka mtaa mzima. Nikaingia ndani, nikachukua mrija, nikalia kwa furaha, kisha nikakojoa.

Baba yako, Shehata