Siagi Yangu Kwenye Kabati la Dawa

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Nimefagia bweni, nimeteka maji ziwani, na kengele bado haijalia. Wasichana wa hapa Baraka wanalala kana kwamba wanalipwa. Mimi nimeshuka kutoka Bibokoboko kujifunza kufundisha watoto wadogo, na nitamaliza. Sina shaka.

Jambo moja linaniudhi. Sheria ya kambi hii ya mafunzo ni kwamba dawa zote zinakabidhiwa mlangoni, Mamzeli anazifungia kabatini. Yeye ndiye mkuu wetu, Mzungu. Anayeficha dawa au ugonjwa anarudishwa kwao. Basi juzi tulipofika nilitoa kibuyu changu cha siagi. Nyanya ameichanganya na majani, nalamba kidogo pumu ikinibana. Nilieleza hayo yote. Mamzeli alinusa, akasema siagi ni chakula. Kikaenda jikoni.

Jumatano, 6 Agosti

Maharagwe machungu. Kambi nzima imenung'unika. Zawadi wa Lubondja, tunayelala naye jirani, ameapa kwamba mpishi katia majivu. Mimi peke yangu nilijua. Nikala sahani mbili. Dawa yangu ni yangu, hata ikiwa ndani ya sufuria.

Nina hasira. Nimecheka pia.

Alhamisi, 7 Agosti

Wanakausha samaki kwa moshi nyuma ya kambi. Upepo unauleta wote kwetu. Kifua kinapiga filimbi. Nimejikausha, nimeimba kama wengine.

Ijumaa, 8 Agosti

Kifua kimenibana darasani, mbele ya wote. Mamzeli alinipa kidonge. Kilinisaidia, sitamnyima haki yake. Nilipoweza kukaa akaniambia nifunge mzigo, kwa sababu nimeficha ugonjwa.

Nikawaka. Nilimwambia dawa niliitoa mlangoni kwa mikono miwili na ugonjwa niliutaja. Yeye ndiye aliyeipeleka jikoni. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika. Mama Apolina, mpishi, alikuwa amekuja mbio na mwiko wake mkononi.

“Mamzeli, huyu mutoto hana kosa. Mi ndiye nilipikia batoto dawa yake. Ingine ingali mu kibuyu, sikuimaliza.”

Mamzeli akawa mwekundu shingo hadi masikio. Akatoka kwenda jikoni.

Sijafunga mzigo. Sifungi.

Jumapili, 10 Agosti

Kibuyu kiko kabatini, kimebandikwa jina langu, katikati ya chupa za kwinini. Mamzeli alikiweka mwenyewe. Hajaomba radhi, ila asubuhi aliniuliza nyanya anatumia majani gani.

Baada ya ibada Zawadi alikiona. Akaenda akafumua pindo la kikwembe chake, akatoa magome ya kutuliza tumbo, akampelekea Mamzeli. Kisha wengine. Mizizi kutoka ndani ya mto wa kulalia, unga kwenye fundo la leso. Kumbe bweni zima lilikuwa limeficha, mimi mwenye kutii ndiye niliyeambiwa nifunge mzigo! Mamzeli hakumfukuza yeyote. Ameagiza rafu nyingine kwa seremala.

Moshi umepungua leo. Sijakiomba kibuyu. Kesho tena ni zamu yangu ya maji.