Penalti ya Mji Wetu

Dada Ramona,

Huku Asunción joto limezidi, hata kunywa tereré ya barafu hakusaidii. Tangu Jumapili situlii, nazunguka chumbani tu. Katika mechi ya mwisho ya ligi, nikiwa golini mwa timu ya huku, nilidaka penalti ya timu ya mji wetu, nao wakashuka daraja. Baba, aliyetunza nyasi za uwanja wao miaka thelathini, alinisubiri nje.

"Ungeiacha ipite, nani angejua?"

"Ningejua mimi, baba."

Akanipa mgongo. Wiki nzima hakupokea simu zangu. Leo kapiga mwenyewe.

"Hebu niambie, ulijuaje angepiga kushoto?"

Nikamweleza, akabisha, tukabishana mpaka chakula chake kikapoa.

Ukimpigia, usimtajie daraja la pili.

Mdogo wako,
Eligio