Kanuni ya Meno

Matrah, Alkhamisi, mwezi wa saba, 1967

Leo hakuna upepo hata wa kudanganyia. Milima imetuzunguka pande zote na mawe yake yanatema joto tangu asubuhi. Nimerudi nyumbani baada ya alasiri, chakula kimenishinda, nimekaa dirishani na daftari hili kwa sababu sina pengine pa kuyaweka haya.

Jibu la Mzee Mbarak limetoka. Amekataliwa rukhsa ya kazi.

Karatasi yenyewe ndogo, ina mstari mmoja wa Kiarabu: mji hauna haja na kazi hiyo. Basi. Hakuna sababu, hakuna jina la aliyeamua. Nilimuuliza karani wa ofisi ya rukhsa kule Maskati, mtu wa makamo, mpole, kama kuna pa kupeleka malalamiko. Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa upole vile vile:

"Kwa nani?"

Nilikunja karatasi nikatoka.

Mzee Mbarak ni fundi wa meno. Hang'oi, hutengeneza ya bandia. Unguja alikuwa na duka dogo Mkunazini, na wazee wengi wa mji walikuwa wakila nyama kwa hisani ya mikono yake. Kazi alijifunza Mombasa kwa fundi mmoja wa Kihindi, miaka tisa, wala hajapata kuikalia darasani hata siku moja. Alifika hapa mwaka juzi na sanduku la vyombo vyake, na tangu hapo vyombo vimelala. Hapa hata kufungua kijiduka cha kushona kofia kunataka rukhsa, na rukhsa inatoka mbali, kwa wakubwa. Hujui nani ameisoma barua yako, wala kama imesomwa.

Miezi mitatu iliyopita alikuja kwangu. Watu wa Unguja tuliopo hapa wanajua kwamba mimi ni karani katika duka la mfanyabiashara mmoja wa sokoni, na kwamba nikitoka kazini huwaandikia wenzangu barua zao za rukhsa, maana Kiarabu cha kuandika alinisomesha marehemu baba. Mzee Mbarak akakaa kwenye mkeka, akakataa kahawa, akasema:

"Khalfan mwanangu, nnataka uniandikie. Mimi kuwaandikia wakubwa sijui. Niliwahi kuandika mara moja, nikaharibikiwa."

Niliijua barua anayoisema.

Ilikuwa imekuja kwangu.

Haya sikupata kumwambia mtu. Hata mke wangu Zuwena hakuyajua mpaka leo.

Kule Unguja nilikuwa karani katika baraza la kutunga sheria. Baraza lilikuwa na kamati ya watu wanne, na kazi yake ilikuwa moja tu. Idara yoyote ikitunga kanuni ya kusema nani aruhusiwe kufanya kazi fulani na nani asiruhusiwe, kanuni ile huletwa kwanza mbele ya kamati. Huwekwa mezani wiki nne. Katika wiki hizo mtu yeyote, hata muuza kahawa, anaweza kuleta pingamizi, na pingamizi likija kamati lazima ilisikilize kabla kanuni haijaanza kuuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea barua hizo, nikizifasiri kwa Kiingereza, nikizipanga mbele ya mwenyekiti.

Mwaka wa sitini na moja ikaja kanuni ya meno. Ilisema kwamba asiyekuwa na shahada ya skuli inayotambuliwa asipime kinywa cha mtu wala asimvike meno. Ukiisoma haraka ni kanuni nzuri. Nani hataki kuguswa mdomo na mtu aliyesoma? Lakini wenye shahada hiyo mjini hawakutimia hata vidole vya mkono mmoja, na mashamba ndiyo hawakuwepo kabisa.

Wiki ya tatu ikaja barua ya Mzee Mbarak. Kurasa mbili, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka kama iliyopigiwa rula. Hakuomba asamehewe kanuni. Aliomba apewe mtihani. Waje waiangalie kazi yangu, aliandika, nikishindwa nitalifunga duka kwa mkono wangu. Pamoja na barua alileta kisanduku cha bati, na ndani yake, yamefungwa kwa pamba, meno ya juu na ya chini, ili waheshimiwa wajionee.

Nilikifungua. Nakumbuka fizi zilivyokuwa na rangi ya fizi hasa, na jino moja la mbele alilolipinda kidogo kusudi, lifanane na la mtu.

Nikaitia barua na kisanduku katika mtoto wa meza yangu, droo ya chini, nikasema nitaifasiri kesho.

Kesho yake kulikuwa na mpira uwanjani. Siku ya pili yake arusi ya binamu yangu. Sina sababu kubwa kuliko hizo, na ndiyo maana nimenyamaza miaka yote. Lau ningelihongwa, au ningelitishwa, ningelikuwa na kisa cha kueleza. Nilikuwa mvivu tu, na kijana, na nikidhani siku ni nyingi.

Siku ya mkutano mwenyekiti alipofika kwenye kanuni ya meno, aliinua macho.

"Kuna pingamizi?"

Barua ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, haijafasiriwa hata mstari. Kusema ipo ni kusema kwamba sikufanya kazi yangu.

"Hakuna, bwana," nikasema.

Mjumbe mmoja, mzee wa Pemba ambaye hakuwa akiiacha kanuni ipite bila ya kuihoji, aliuliza kama mafundi wa mjini wanazo khabari hizi. Mwenyekiti akamwambia, wangelikuwa na neno wangelilileta. Yule mzee akatikisa kichwa, akageuza ukurasa. Lau angeliiona ile barua, kanuni isingelipita siku ile. Nilimjua. Angelimwita fundi aje, angelimuuliza, angelitaka yale meno yaguswe na kila mmoja wao.

Ikapita.

Mwezi haukwisha, duka la Mkunazini likatiwa kufuli la serikali, vyombo vikiwa ndani. Mzee Mbarak alikuja ofisini kwetu mara mbili kuulizia kisanduku chake. Nilimwona kwa dirisha la juu, na kanzu yake nyeupe, akizungumza na bawabu. Bawabu akapanda kuniuliza. Nikamwambia amwambie kwamba nyaraka za baraza hazirudishwi. Kumrudishia kungelikuwa ni kukiri kwamba nilikuwa nacho, basi kikabaki mule mezani mpaka nilipoihama Unguja.

Uso wangu hakuuona, wala jina langu hakuambiwa.

Hata hapa Matrah, tukikaa barazani wanaume wa Unguja, hakosekani mtu wa kusema kule tulikuwa na baraza, bwana, kanuni haipiti mpaka ipimwe. Wanasema kweli. Mlango wa kupelekea malalamiko ulikuwepo. Na mimi huitikia pamoja nao, nikijua nani alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

Basi, miezi mitatu iliyopita nikamwandikia. Niliichana barua mara nne kabla ya kuridhika. Nikataja wazee wa mji huu ambao hawali ila tende iliyolowekwa, nikaeleza kwamba fundi yuko tayari kutahiniwa na daktari yeyote. Nikaipeleka mwenyewe mpaka Maskati, wala sikumpa mtu anichukulie. Kila wiki nikenda kuulizia, na kila wiki naambiwa bukra, njoo kesho. Nikawa najiambia kwamba rukhsa ikitoka nitakuwa nimelipa nilichomfanyia, na hapatakuwa na haja ya kusema lolote.

Haikutoka.

Leo kutoka Maskati nilikwenda moja kwa moja kwake. Anakaa chumba cha nyuma katika nyumba ya mpwawe. Nilimkuta anapangusa vyombo kwa kitambaa chenye mafuta, koleo ndogo ndogo na visu vya nta, kama mtu atakayefungua duka kesho. Nikamsomea ule mstari. Akataka niusome tena. Nikausoma.

"Hawana haja," akasema. "Haya. Ahsante, mwanangu. Wewe umefanya lako."

Neno lile ndilo lililonimaliza. Ningeweza kulipokea nikaenda zangu, na hakuna ambaye angelijua. Badala yake nikakaa chini nikamwambia yote: ile barua, mtoto wa meza, mpira, arusi, mwenyekiti, bawabu. Nilisema nikiutazama mkeka.

Aliendelea kupangusa koleo mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha aliuliza, wala hakuuliza khabari za barua.

"Kile kisanduku, ulikifungua?"

"Nilikifungua, ami."

"Ukayaona?"

"Niliyaona. Yalikuwa mazuri sana."

"Yale yalikuwa ya Asha."

Sikufahamu mara moja. Bi Asha alikuwa mkewe. Nilijua tu kwamba alifariki Unguja kabla ya mapinduzi.

"Sikuwa na mengine mazuri kama yale," akasema. "Nilimwambia, nipe siku chache, mabwana wakishayaona watayarudisha. Akayavua mwenyewe, akayaosha, akayafunga kwa pamba. Halafu duka likafungwa. Nta ndani, plasta ndani, kila kitu ndani. Ningemtengenezea mengine kwa kitu gani? Akawa anakunywa uji. Wageni wakija anaziba mdomo kwa kanga. Mwisho akawa hatoki tena kwa wageni. Na yeye alikuwa mtu wa kucheka, Khalfan. Kila nikirudi sokoni ananiuliza, bado hawajayarudisha? Vyombo nilikuja kurejeshewa keshazikwa, na sharti nisivitumie."

Akakitazama kile kitambaa mkononi mwake.

"Amekufa akidhani mabwana bado wanayatizama."

Nilimwomba radhi. Sijui nilitumia maneno gani. Ningelipenda anitukane, lakini hakunitukana. Nikamwambia nitaandika tena, nitamwandikia kila mkubwa ninayemjua jina, sitachoka. Akarudisha vyombo sandukuni kimoja kimoja, akafunga kifuniko.

"Nnakwenda Kuwait, kwa kaka yake Asha. Huko nako watataka barua. Nitamtafuta mtu mwengine aniandikie."

"Ami, mimi nnaweza..."

"Nnajua unaweza. Nenda nyumbani, Khalfan."

Nikaondoka. Nimepita sokoni bila ya kumwona mtu, na walionisalimia sijui kama niliwaitikia.

Nilipofika nilimhadithia Zuwena. Nilidhani atanionea huruma kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama na sahani ya chakula changu mkononi.

"Wewe umetua mzigo wako," akaniambia. "Umemtwika yeye. Sasa yeye atauweka wapi?"

Akaiweka sahani mbele yangu, akenda zake uani.

Ana haki. Miaka sita Mzee Mbarak alikuwa na mabwana wa kuwalaumu, watu wasiokuwa na sura. Leo nimempa sura, na ni sura ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimkaribisha kwake na kumwita mwanangu. Nimejiuliza tangu nirudi kama nilimwambia kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua, au kwa kuwa mimi nilishindwa kuondoka pale na shukrani zake. Nadhani ni hilo la pili. Nataka niandike kwamba ni yote mawili, lakini hili daftari langu mwenyewe, namdanganya nani?

Na kuna jambo jengine linalonisumbua. Siku zote nimekuwa nikiamini kwamba tofauti ya kule na hapa ni kwamba kule palikuwa na watu wa kuitazama kanuni kabla haijamfika mtu. Ni kweli. Lakini kwa Mzee Mbarak kule na hapa ni mamoja. Watu wanne walikaa kwenye viti vyao tayari kumsikiliza, na hawakupata kumsikia. Baraza zima lilikuwa linategemea karani mmoja asione uvivu siku moja.

Sasa hivi wanaadhini magharibi, na bado sijanyanyuka.

Kesho Ijumaa. Mzee husali safu ya mbele, upande wa kulia, na mimi tangu alipofika hapa husali ubavuni kwake. Kesho sitasimama pale. Nitakwenda mapema, nikae safu ya nyuma, na akitoka nitamsalimia. Aitikie, asiitikie, nitamsalimia, na Ijumaa ya pili vile vile, mpaka siku atakayosafiri.