Injini za Mkiani

Jumatatu, 3 Juni
Nimemwagilia mchicha. Upendo, binti yangu, ameanza keki yenye umbo la ndege. Jumamosi Doreen, jirani yetu hapa Madale, ataagwa kabla ya ndoa na kuwakabidhi wakwe keki hiyo. Mchumba wake, Kelvin, hutengeneza jeti ndogo zenye injini mbili mkiani. Doreen ameleta picha ya mojawapo. Ni keki ya kwanza ya Upendo kwenda ukumbini. Ikikataliwa, hakuna atakayeagiza kwake tena.

Jumanne, 4 Juni
Mama Shirima, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, amekuja na wenzake kukagua. "Shikamoo, Mwalimu. Wee Upendo, ndege gani hii imebeba injini matakoni kama pampasi?" Wenzake wakacheka. Nimekasirika.

Jumatano, 5 Juni
Kamati imepiga kura kwa kunyoosha mikono: injini zihamie chini ya mabawa. Nimefundisha fizikia hadi kustaafu. Sijapata kuona fizikia ikipigiwa kura. Nikawaeleza. Jeti kubwa hutundika injini chini ya mabawa. Jeti ndogo iko chini mno. Zikining'inizwa hapo zitakaribia ardhi na kufyonza kokoto. Ndiyo maana hufungwa ubavuni, karibu na mkia. Zipo hata zenye injini juu ya bawa.
"Mwalimu, wageni hawaji kufanya mtihani," akasema Mama Shirima.
Keki isipobadilishwa, haitapokelewa.

Alhamisi, 6 Juni
Nilimwachia Upendo aamue. "Mama, aliyeagiza ni Doreen." Zinabaki mkiani. Nimemwonea fahari. Sikumwonyesha.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Keki imekaa kitako, pua juu. Picha ilipigwa kutoka nyuma, hatukuona mabawa yanapoanzia. Tuliyaweka katikati, pamoja na magurudumu, kama ya ndege kubwa. Uzito wa injini ukaivuta nyuma. Tumeyasogeza yote kuelekea mkiani, kama wafanyavyo wahandisi. Imesimama. Upendo amelia kwa furaha. Mimi nimefuta meza.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi! Kamati haikuthubutu kumnyima Doreen keki yake, lakini Mama Shirima aliielekeza mkia ukutani. Kelvin akaacha kiti cha heshima, akazunguka meza, akaigeuza mwenyewe. "Baba, njoo uone! Ndiyo hii ninayoshinda nayo kazini! Nani kajua mabawa yake yanakaa nyuma hivi?" Upendo akaitwa mbele. Ukumbi mzima ukasimama. Doreen akamlisha mama mkwe kipande cha injini ya kushoto, kwa vigelegele. Mama Shirima akashika kipaza sauti: "Kamati tulisisitiza tangu mwanzo, injini mkiani!" Nikampigia makofi. Nilikuwa na furaha ya kutosha hata kwake.

Jumapili, 9 Juni
Nimerudi kutoka ibadani. Upendo bado amelala. Simu yake inaita tangu asubuhi. Watu wanataka keki. Nimepokea moja tu. Nimesema mpishi amepumzika, wapige jioni. Kisha nimeosha mabakuli yake, polepole, yasigongane.