Tuliyemtafuta Walikuwa Naye

Jumatano, Mpanda

Nimechoka, na hasira nayo imegoma kuisha. Leo kwenye kikao chetu polisi na watu wa hifadhi nilimtaja Jofrei, tunayemtafuta kwa kosa la kumpiga risasi mfugaji kule kijiji cha Mamba. Askari wa wanyamapori akashtuka.

"Huyo tulimkamata hifadhini juzi. Hakuwa na silaha, tukamwachia."

"Mkamwachia?"

"Afande, nani alituambia mnamtafuta?"

Hakuna. Sisi polisi tulilifanya jina lake siri yetu.

Jioni nikaenda hospitali alikolazwa mfugaji, kumweleza mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Kwani nyie huwa hamuongei?"

Nikatoka nje, nikampigia yule askari, nikampa majina ya wote tunaowatafuta. Mkuu wangu akijua, sijui itakuwaje. Sikuomba ruhusa. Nimechoka kuomba.